Glasi Ndogo ya Mzee Gervasi

Nilistaafu mwezi uliopita. Vijana wa kaunta ya gesti yetu pale Nyakanazi walininunulia kitenge na keki, wakanitaka niseme neno. Nikasema asanteni, nikakaa, kwa kuwa nzi walikuwa wameshaanza kuifaidi keki kabla yetu. Wiki moja baadaye Editha, anayeshika zamu ya mchana, alinipigia simu. Mteja mmoja kutoka Mwanza alikuwa amemwonyesha picha: glasi kubwa yenye tumbo, kinywaji cha rangi ya chungwa, barafu hadi ukingoni, na kipande cha chungwa juu yake.

"Shikamoo Mama Frida. Hiki kitu kinaitwaje, na tunakitengenezaje?"

"Marahaba. Kinaitwa sprizi," nikamwambia. "Ni cha Waitaliano. Wanakinywa kiangazi, jua likianza kulegea, kabla ya kula."

Alitaka nimweleze hapohapo. Nikamwambia vocha yake itaisha kabla hatujafika kwenye barafu. Nikaahidi kumwandikia, na mimi nikianza kuandika huwa siachi katikati, kwa hiyo mtavumilia na mengine. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa viwili, na mishahara haikuwa ya kujaza ukurasa.

Nilianza kazi Ngara nikiwa msichana, wakati wakimbizi walipoingia na wageni wa mashirika wakapanga kila nyumba yenye bati zima. Nilichukuliwa kufua nguo. Siku ya pili mpishi akashikwa na homa, nikaambiwa niingie jikoni. Nilikuta friji la mafuta ya taa, kitu ambacho sikuwahi kukiona, na mama mmoja wa Kizungu akanionyesha kwa vidole kwamba moto wake lazima uwe wa bluu. Ukiwa wa bluu friji linapoza, ukiwa wa njano linakaanga. Sikulielewa hilo mpaka nilipoharibu nyama ya wiki nzima. Hawakunifukuza, labda kwa sababu hawakujua jina langu vizuri ili wanifukuze.

Wageni wale walipoondoka nikahamia Nyakanazi, kwenye gesti ya njia panda. Hapo wateja walikuwa madereva wa malori ya Rwanda na Burundi, watu waliochoka, wanaotaka wali, nyama na bia, na swali pekee unalowauliza ni kama wanataka ya moto au ya baridi. Nilijifunza kubeba chupa sita kwa mikono miwili na kutabasamu bila kusikia kinachosemwa. Yote mawili yamenisaidia maishani.

Kisha kampuni moja ya barabara ikajenga kambi nje kidogo ya mji, na nikapata kazi kwenye nyumba ya chakula ya mainjinia. Mkubwa wa jikoni na wa vinywaji alikuwa Mzee Gervasi. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, wakapewa shamba Nyamahanga, na shamba hilo analo mpaka leo mwanawe. Miaka mingi alikuwa amewapikia mapadri. Alivaa koti jeupe lenye vifungo vitano, kila kimoja cha rangi yake, na alilipiga pasi kila asubuhi hata siku ambayo mkaa ulikuwa haba.

Siku ya kwanza nilimkuta akichambua mchele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepika wapi?"

"Ngara kwa wageni. Halafu hapa Nyakanazi, gesti."

"Nyakanazi hawapiki," akasema. "Wanachemsha. Jina?"

"Domitila."

"Haya Domitira, nawa mikono."

Herufi ya L ilimshinda tangu utotoni, naye hakuwahi kuona kama kuna shida. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi niliitwa hivyo, na mtu mwingine akiniita hivyo leo nageuka haraka kuliko nikiitwa kwa jina langu.

Sasa nakuja kwenye swali la Editha. Msimamizi wa kambi alikuwa Mwitaliano, Injinia Sandro, mtu mnene mwenye soksi ndefu na hasira fupi. Jumamosi kazi ilisimama saa tisa alasiri. Mainjinia walikoga vumbi, na saa kumi na moja walikaa barazani. Jumamosi yangu ya pili Sandro aliingia jikoni na chupa mbili na glasi moja, akatuita wote wawili, akasema tutazame kwa sababu atafanya mara moja tu. Alifanya mara nne.

Kwanza barafu. Jaza glasi yote, msiogope, barafu kidogo inayeyuka upesi na kinywaji kinakuwa maji. Pili divai nyeupe ya mapovu, vipimo vitatu. Tatu kile kinywaji chekundu chenye uchungu wa maganda ya chungwa na mizizi, vipimo viwili. Mwisho soda ya maji, ile isiyo na sukari, kipimo kimoja au chini ya hapo. Kijiko kinaingia mpaka chini, kinainua mara moja, kinatoka. Ukikoroga kama uji umeua mapovu, na ukiua mapovu umebaki na juisi kali. Kipande cha chungwa kinakuja baada ya yote. Yeye aliongeza na zeituni moja iliyokaa kwenye chumvi. Mzee Gervasi alipewa moja aonje, akaitafuna kwa heshima, kisha akatoka nje kidogo. Aliporudi akaniambia ni zambarau iliyokataa kuiva.

Namna ya kufungua divai ya mapovu mnaikosea wengi, nimeona kwenye harusi. Shika kizibo kwa mkono mmoja na usikiachie. Kinachozungushwa ni chupa. Ikitoa sauti ya mtu anayeshusha pumzi, umefanya vizuri. Ikilia kama bunduki, umemwaga nusu ili watu wapige makofi.

Divai hiyo tuliifuata Kabanga, mpakani, kwa sababu wafanyabiashara wa pale walikuwa na njia zao za kuipata kutoka upande wa pili. Safari yangu ya kwanza nilinunua chupa nne. Tatu nilizipakata zimefungwa kitenge kilicholowa maji. Ya nne kondakta akaiweka mbele karibu na injini, akisema pale haitaanguka. Haikuanguka. Enzi hizo mabasi yalisindikizwa na askari kwenye pori la Biharamulo kwa ajili ya majambazi, na tulikuwa katikati ya pori hilo kizibo kilipofyatuka kikapiga paa la basi. Abiria wote walilala chini. Askari wetu alikuwa wa kwanza. Nilipoeleza kwamba ni divai, hakuna aliyecheka mpaka tulipofika Nyakanazi, na hata hapo alicheka dereva peke yake.

Barafu nayo ilitusumbua. Mara ya kwanza tuliomba kwa lori la samaki lililotoka ziwani. Injinia Sandro alinusa glasi yake, akatazama chini ya meza, akauliza samaki yuko wapi. Tangu siku hiyo tulichemsha maji yetu, tukayagandisha kwenye makopo ya kuokea mikate, tukayavunja kwa nyundo ndani ya mfuko safi wa unga. Mkifanya nyumbani fanyeni hivyohivyo. Barafu inabeba harufu ya chochote kilicho jirani nayo kwenye friji, na nyanya chungu na dagaa hawana siri.

Lakini ugomvi mkubwa haukuwa wa barafu. Kwetu Ngara, na kwao Mzee Gervasi ng'ambo, pombe haimfikii mgeni mpaka mwenyeji ameionja mbele yake. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiletwa mtungini, mwenye nyumba anavuta kwanza kwa mrija wake, watu wakimwona, ndipo anasema karibuni. Tunaita kusogongera. Maana yake iko wazi: kama ina kitu, kitaniua mimi. Ukimpa mtu pombe bila kuionja umemtukana, na akiionja mwenyeji kisha wewe ukasita, umemwita mchawi. Watu wamehama vitongoji kwa jambo hilo.

Basi Mzee Gervasi aliona Sandro anachanganya glasi moja moja, na jasho likamtoka. Angeonja vipi? Angeweka mdomo wake kwenye glasi ya kila mgeni? Jumamosi yake ya kwanza peke yake alichanganya kila kitu kwenye jagi kubwa la plastiki, akajimiminia kidogo, akanywa mbele ya watu, akagawa. Mapovu yalikuwa yamekwisha kabla hajamaliza meza.

"Gervasi! Kwa nini jagi?" Sandro akapiga kelele. "Wewe naua mapovu!"

"Mapovu yatafufuka, bwana. Mugeni hafufuki."

Walivutana hivyo majuma matatu. Mwishowe Mzee Gervasi akapata ufumbuzi, na ndiyo namna tuliyofanya kazi kwa miaka. Kila Jumamosi tulitengeneza glasi za wageni na moja zaidi, glasi ndogo ya dawa, yenye vipimo vilevile, kutoka chupa zilezile. Aliibeba kwenye trei pamoja na nyingine. Akifika barazani alisimama, akaiinua, akaimeza mbele ya wote, akasema "Karibuni." Mainjinia mwanzoni waliona kichekesho. Baada ya miezi miwili hakuna aliyenyoosha mkono kabla yake, na mgeni kutoka makao makuu akijaribu, Sandro mwenyewe alimpiga mkono. Nilipata kuona wanaume waliosoma vyuo vya Ulaya wakimsubiri mkulima wa Nyamahanga ameze mate.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupima. Kila nilipomaliza nilikilamba kile kijiko, tabia mbaya niliyotoka nayo kwa mama yangu. Mzee Gervasi alinikemea, kisha akazoea.

Kile kinywaji chekundu kililetwa na Sandro kwenye sanduku lake akitoka likizo, na kila mara kiliisha mapema. Mwaka mmoja kiangazi kilifika chupa zikiwa tupu, nasi tukatengeneza chetu. Editha, hiki ndicho utakachoweza wewe, kwa hiyo soma polepole. Menya machungwa yetu haya ya kijani, ganda la juu tu, ule weupe uache maana uchungu wake ni wa hovyo. Anika siku mbili kivulini. Tia ndani ya pombe kali nyeupe ya dukani, yenye lebo, siyo ile ya kwenye kidumu. Ongeza konzi ya rozela kavu kwa ajili ya rangi, na jani moja la mubirizi, yale majani machungu ambayo bibi zetu walituchemshia tukiwa na homa. Jani moja. Mimi mara ya kwanza nilitia matatu, na hata kuku walikataa mabaki. Acha siku saba, chuja kwa kitambaa, tia sukari iliyoyeyushwa. Tulimpelekea Sandro bila kumwambia. Alikunywa mpaka ikabaki barafu.

"Siyo yenyewe," akasema. Kisha akasogeza glasi. "Leta ingine."

Mzee Gervasi alitembea siku hiyo kama aliyepewa ubatizo wa pili.

Masika yaliyofuata aliugua. Homa kali na mafua, wiki mbili hakuja kazini. Aliporudi alikuwa amekonda lakini koti lilikuwa limepigwa pasi, nasi tukaendelea. Niliona mabadiliko madogo tu. Chumvi ya mchuzi aliniachia mimi, akasema lazima nijifunze. Na Jumamosi, nikilamba kijiko, alisimama mbele yangu akanikodolea macho usoni mpaka nikaona haya. Nilidhani ananihesabia vijiko.

Sasa kosa langu. Kwetu chupa tupu haitupwi. Chupa nzuri ya kioo, yenye kifuniko cha kuzungusha, inabeba mafuta ya taa, asali, maziwa, samli, dawa ya ng'ombe, na ikivunjika watu wanasikitika. Chupa za Sandro zilikuwa nzuri kuliko zote, na kila mtu kambini aliziomba. Masanja, fundi wa jenereta, alikuwa na moja. Aliitilia kulanti, ile dawa nyekundu inayochanganywa na maji ya rejeta ili injini isichemke. Jenereta letu lilikaa nyuma ya jiko. Asubuhi ya Jumamosi moja alilihudumia, akaiacha chupa yake kwenye ukuta mfupi karibu na dirisha, akaenda kunywa chai.

Nikapita mimi. Nikaona chupa ya bosi, nusu imejaa, rangi ileile, imewekwa nje mahali pa kuchukulika. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo zinavyoisha! Nikaichukua haraka, nikaifuta, nikaifungia kabatini pamoja na nyingine iliyokuwa imebaki kidogo. Nilijisifu mchana kutwa. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka nimkamate mwizi mwenyewe.

Jioni walikuwepo wageni wa Sandro kutoka makao makuu, glasi tisa. Mzee Gervasi alinituma barazani na karanga na vitambaa. Mgeni mmoja akaniomba maji, mwingine akaniuliza choo, nikachelewa. Nikiwa huko yeye alipima mwenyewe. Sandro akaita mara mbili. Nilipoingia jikoni kwa mlango wa nyuma, trei ilikuwa inatoka kwa mlango wa mbele.

Kijiko kilikuwa mezani. Nikakilamba.

Kilikuwa kitamu. Kitamu tu, kinateleza ulimini kama sharubati, bila uchungu hata chembe. Nikatema. Nikaitazama chupa iliyokuwa wazi, nikainusa, nikakumbuka ukuta mfupi, na jenereta, na Masanja.

Kwa mlango nilimwona Mzee Gervasi amesimama mbele ya wageni, glasi ndogo imeinuliwa. Akaimeza. Nilingoja ateme, akunje uso, afanye chochote. Akapangusa midomo.

"Karibuni," akasema.

Mikono ikaanza kunyooshwa.

Nataka mwelewe nilichokuwa nacho mbele yangu, kwa sababu nikikisimulia mjini watu wanasema ningepiga kelele tu. Mzee amekwisha kuonja. Amesema karibuni mbele ya watu. Kama ningesema msinywe, ningekuwa nimesimama mbele ya watu tisa nikisema kwamba mzee huyu anawawekea wageni sumu, au kwamba kuonja kwake ni mchezo wa kuigiza. Kazi yake ilikuwa ulimi wake. Kwake kuonja hakukuwa kitu cha kambini tu, ndivyo alivyokuwa mtu kule Nyamahanga pia. Na nisiposema, watakunywa.

Nilikwenda mbio na kuparamia trei kwa bega. Glasi zote tisa zilianguka kwenye saruji. Nami nikaanguka juu yake, na kovu la kiwiko ninalo.

Kelele za Sandro sitaziandika. Mzee Gervasi hakupiga kelele. Aliniinua kwa mkono, akaniingiza jikoni, akafunga mlango.

"Umenitukana mbere ya wageni," akasema.

"Mzee, umemeza?"

"Nimemeza. Nisimeze kwa nini?"

"Ile chupa ni ya Masanja. Ni dawa ya rejeta."

Hakuniamini. Aliichukua chupa, akamimina tone kiganjani, akalamba. Nikamshika mkono nikachelewa. Alisimama akitafuta kitu mdomoni mwake, macho yametazama ukutani, kisha akaketi juu ya gunia la mchele.

"Sisikii kitu," akasema. "Sijasikia kitu tangu masika. Chumvi, sukari, piripiri, vyote ni maji."

"Na Jumamosi zote hizi?"

"Nirikuwa naangaria uso wako."

Miezi mitano nilikuwa nikilamba kijiko na yeye akisoma uso wangu, kisha anatoka barazani kuinua glasi kwa uhakika wa ulimi wa mtu mwingine. Siku ile hakuniona.

"Kwa nini hukunisubiri?" nikamuuliza.

"Bwana ameita mara mbiri. Nikaona aibu kusubiri mwanamke arambe kijiko."

Masanja alileta pikapu ya kambi bila kuuliza ruhusa, tukamkimbiza hospitali ya Biharamulo. Njiani nilimwambia mzee kwamba chupa niliiingiza mimi, na kwa nini. Nililia kidogo. Yeye alitazama barabara ambayo mainjinia wake waliijenga akiwapikia, lami mpya kabisa, akasema basi tumekosea wawili, na nifute uso maana wauguzi watadhani yeye ndiye amenipiga. Daktari alisikiliza habari yetu yote, akauliza kiasi, akaagiza dripu na pombe kali, kwa vipimo na kwa saa. Ndiyo dawa yake, alisema, pombe inaizuia kulanti isile figo. Mzee Gervasi alikaa wodini siku mbili akinyweshwa kwa kijiko na muuguzi, mlokole aliyefumba macho kila mara. Mtu asijaribu hili nyumbani. Kulanti inaua, na mtu aliyemeza ni wa hospitali.

Figo zake zilinusurika, na wageni hawakujua chochote. Sandro nilimwambia ukweli mimi mwenyewe, kuhusu chupa. Kuhusu ulimi sikusema. Alipiga meza, akavunja chupa zote tupu za kambi kwa mkono wake, na wanawake wa kijijini walizililia kweli. Kisha akaniuliza kama kiwiko kimepona. Nikabaki kazini.

Swali lililobaki lilikuwa la Mzee Gervasi, na lilikuwa langu pia, kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyejua. Ningeweza kumwambia aache kazi. Ningeweza kuendelea kumkunjia uso jikoni kila Jumamosi, na yeye akaendelea kuwa mzee anayesubiriwa. Nilikuwa tayari kwa hili la pili. Nilijizoeza hata mbele ya kioo, uso wa chungu sana, uso wa kitamu sana. Frida, binti yangu, akaniuliza kama jino linaniuma.

Jumamosi iliyofuata alikuja koti limepigwa pasi. Alipima mwenyewe tena, polepole, akisikiliza mapovu kwa sikio. Nilikilamba kijiko? Hakunipa nafasi, alikitumbukiza kwenye maji papo hapo. Hakunitazama usoni. Akachukua trei, akaniambia nimfuate na karanga.

Barazani alisimama mahali pake. Wote wakanyamaza kama kawaida, Sandro mikono magotini. Mzee Gervasi akaichukua glasi ndogo, akaishika, kisha akanigeukia mimi na kunipa kwa mikono miwili.

"Urimi wangu umekufa," akawaambia, bila kushusha sauti. "Tangu masika. Nimewaonjea bure miezi mitano, mnisamehe. Kuanzia reo anayeonja ni huyu."

Sijawahi kuona kwetu mwanamke akisogongera mbele ya wanaume. Karanga zilianza kunimwagikia. Niliziweka chini, nikaipokea glasi, nikainywa.

Haikuwa na kitu cha kumdhuru mtu. Soda ilikuwa imezidi, basi, na uchungu ulikuwa umezama chini yake usijulikane. Nilimtazama. Mzee wa miaka sabini amejivua nguo mbele ya watu, amesimama na vifungo vyake vitano, na trei mikononi bado haijatikisika. Nilimpenda mzee yule kama baba. Nasema sasa kwa sababu wakati ule sikusema. Karibuni ni neno dogo, na hakuna ambaye angekufa.

"Bado," nikasema. "Soda imezidi."

Sandro alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha.

Mzee Gervasi hakubisha. Alinikabidhi trei nzima, glasi zote, akawageukia wageni akawaambia wasubiri.

Wakasubiri.